Akiba Ikaniozea

Mkono wa yule kijana haukuwa na ubaya wowote. Naanzia hapo, maana nisipolitanguliza hilo, mengine yote nitakayosema yatageuka visingizio. Jioni moja ya Juni 2019, kwenye kiwanja kimoja cha mtaani Baltimore, wazazi walinizunguka wakaniuliza kwa nini mtupaji wetu bora hakuingia mchezoni hata kidogo, na tumeshafungwa nusu fainali. Nikajibu, "Mkono ulikuwa unamuuma." Kijana mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka niliposimama, anafunga begi lake. Aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye soka. Besiboli nimeijua ukubwani, kupitia redio ya gari, nikibeba abiria usiku huku Orioles, timu ya Baltimore, wakicheza. Mwanangu alipojiunga na timu ya watoto wa miaka 13 na 14, na makocha wakawa wachache, nikajikuta nimevishwa kofia. Nilijiona naujua mchezo.

Kwa asiyeujua: wakubwa hucheza duru 9, na katika kila duru timu hupiga hadi wapigaji wake 3 watolewe. Mtupaji anayeanza huchoka, ndipo huingia watupaji wa akiba. Aliye mkali kuliko wote miongoni mwao hutengewa duru ya mwisho. Hapa Kiswahili kinanipa taabu kidogo. Nikimwita mfungaji, msomaji atadhani anapachika mabao, na kazi yake ni kinyume kabisa. Basi nimwite mfunga mlango. Waliomwona Louis van Gaal akimwingiza kipa Tim Krul dakika za mwisho kabisa dhidi ya Costa Rica mwaka 2014, kwa ajili ya penalti tu, wanaipata picha.

Mfunga mlango niliyempenda mimi alikuwa Mariano Rivera, Mpanama, mtoto wa mvuvi kama nilivyo mimi. Alikuwa na mtupo mmoja hasa, ule unaokata kona karibu na gongo, na kwa huo alistaafu na uokoaji 652. Nilidhani kumwekea mtu kama yule duru ya 9 ni sheria iliyozaliwa na mchezo wenyewe. Kumbe ina umri mdogo. Neno hilo "uokoaji" ni hesabu iliyobuniwa mwaka 1960 na Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, akitaka watupaji wa akiba nao wapewe haki yao. Mwaka 1969 ikaingia kwenye takwimu rasmi. Siku hizi, mtu akiingia timu yake ikiongoza kwa pointi zisizozidi 3, akatupa duru nzima na kuumaliza mchezo bila kuupoteza uongozi, anaandikiwa uokoaji mmoja. Miaka ya 1970 mtu kama Rollie Fingers aliweza kuitwa hata duru ya 7, palipokuwa pamewaka moto. Kisha mwaka 1988 Tony La Russa, meneja wa Oakland, akamfanya Dennis Eckersley kuwa mtu wa duru ya 9, naye akaokoa michezo 45. Wengine wakaiga. Taratibu mameneja wakawa wanamsubirisha mtu hadi ile hesabu ya Holtzman itimie, hata kama nyumba inaungua duru mbili kabla.

Haya nilikuwa nayajua. Hilo ndilo linalonitia aibu. Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2016 nilikuwa nimeegesha gari nikisikiliza Orioles wakicheza Toronto mchezo mmoja wa kufa na kupona. Ilikuwa 2-2 hadi duru ya 11. Meneja wetu, Buck Showalter, alikuwa na Zack Britton, aliyepewa nafasi 47 za kuokoa msimu ule akaokoa zote 47. Hakumwita. Wakaingia wengine, mmoja baada ya mwingine, hadi Ubaldo Jiménez, na Edwin Encarnación wa Toronto akaupeleka mpira jukwaani. 5-2, msimu umekwisha, Britton bado anasubiri zamu yake.

Kuna sababu, na si ya kipuuzi. Mwenyeji ndiye anayepiga mwisho. Meneja aliye ugenini hujiuliza: nikimtumia simba wangu sasa, tukipata uongozi nani ataulinda? Anachosahau ni kwamba kwenye sare ugenini, pointi moja tu ya mwenyeji inazima taa. Mwezi uleule Terry Francona wa Cleveland alimwingiza Andrew Miller duru ya 5 dhidi ya Boston, na timu yake ikafika hadi fainali. Kwa wiki nzima kila abiria aliyepanda gari langu alisikia mhadhara. Nilimwita Showalter mwoga. Nilisema hata bibi yangu, aliyekuwa akituambia akiba haiozi, angemwita Britton.

Miaka mitatu baadaye nikasimama mimi mahali pake.

Watoto hucheza duru 7. Kwenye ile nusu fainali tulikuwa nyumbani, tunaongoza 4-3, duru ya 6. Mtupaji wetu alikuwa amechoka hadi anaburuta mguu. Wapinzani walikuwa wamejaza vituo vyote 3, mmoja wao tu ametolewa, na anayekuja kupiga alikuwa jitu lao, mtoto mwenye mabega ya mbeba magunia. Wapigaji wao dhaifu wangefuata duru ya 7. Kwa maneno mengine, mchezo ulikuwa unaamuliwa pale pale, si duru ya mwisho. Mfunga mlango wetu alikuwa ameshapasha misuli, ananitazama.

Msaidizi wangu, mzee wa Kidominika aliyeujua mchezo huu kabla sijazaliwa, akasema, "Sasa, kocha."

Nikamwambia, "Duru ya 7."

Mpira ulipita katikati ya walinzi wetu wawili ukaenda kugota uzioni. Wote watatu waliokuwa vituoni wakarudi nyumbani, pointi 3. 6-4. Na duru ya 7 ilipofika sikumwita pia, kwa kuwa hapakuwa tena na uongozi wa kulinda. Nilifuata desturi hadi kaburini.

Sisemi desturi yote haina maana. Mkono unahitaji muda wa kupashwa, na mtu akiijua saa yake hutulia. Boston walipoanza msimu wa 2003 bila mfunga mlango maalumu, mambo yaliwaendea kombo mapema wakaachana na jaribio lile. Lakini nisijifiche nyuma ya Boston. Mimi sikuwa nawaza mkono wala utulivu. Niliwawaza wazazi. Nikimwingiza duru ya 6 tukafungwa ya 7, wangesema kocha kamaliza risasi mapema. Nikimweka akiba tukafungwa, wangesema bahati mbaya, maana wote wamezoea kuona hivyo kwenye televisheni. Nilichagua njia ya kushindwa isiyokuwa na jina langu. Na bado walipouliza, lawama nikaubebesha mkono wa mtoto.

Ndani ya gari mke wangu alikaa kimya hadi taa nyekundu ya tatu. "Mwenzangu," akasema, "huo mkono umeanza kuuma lini?" Sikumjibu.

Uongo wenyewe ulikuwa na miguu. Baba wa yule kijana alimpeleka kwa daktari, kiwiko kikapigwa picha, hakikuonekana kitu. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia, wakaamua apumzike kiangazi chote. Timu ya wilaya ilichagua watupaji wake mwezi uleule bila yeye kujaribiwa. Niliyasikia hayo kwa wazazi wengine. Ningeweza kupiga simu moja. Nilijiambia kwamba kupumzika hakujamdhuru mtu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwao. Kijana amekuwa mtu mzima sasa, kiwanja alishakiacha. Nikawaeleza yeye na baba yake, kuanzia lile neno "sasa" la mzee hadi taa nyekundu. Baba alinisikiliza mikono kifuani, kisha akataja kiasi alichomlipa daktari, senti kwa senti, akainuka akaingia jikoni.

Kijana hakuonyesha hasira. Alisema siku ile alishangaa, kisha akadhani kocha nimeona kitu katika mtupo wake ambacho yeye hakioni. "Nilipofika nyumbani nikaanza kukichunguza kiwiko," akaniambia, huku akikigusa. "Baada ya siku mbili kikaanza kuuma kweli."