Gari Kuunguruma Sailensa Kutwa Nzima: Yaliyomkuta Kaka Yangu

Najua mmezoea hapa tunazungumza mbolea, viwavijeshi na bei ya mahindi. Leo naomba tutoke shambani kidogo twende barabarani, maana mazao hayatembei yenyewe. Swali nililoulizwa sana msimu huu wa viazi ni hili: je, kuacha gari likiwaka muda mrefu bila kutembea kunaharibu injini?

Ndiyo, kunaharibu, na injini ya dizeli ndiyo inayoumia zaidi. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mtu niliyemshauri vibaya ni kaka yangu mwenyewe.

Kaka ana Canter aliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS. Kazi yake ni kuingia vijiji vya Isongole, upande wa Rungwe, kupakia viazi na kuvishusha Uyole. Wanaoijua biashara hiyo wanajua kupakia si kazi ya saa moja. Gunia hili linatoka shamba la jirani, lile linabebwa kichwani kutoka ng'ambo ya bonde, mwenye viazi anabishana na dalali kuhusu lumbesa, mvua inanyesha, mnasubiri. Unafika saa mbili asubuhi, unaondoka saa kumi.

Mwaka juzi betri zake zilichoka. Gari likizimwa lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe, na kule kwenye utelezi nani atasukuma Canter yenye magunia? Betri mbili mpya zilikuwa kama laki tano, na marejesho ya mkopo yalikuwa yanambana. Akaniuliza. Kwenye ukoo wetu ukishapewa pikipiki ya ofisi na buti za mvua unahesabiwa fundi wa kila kitu. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, likishawaka usilizime. Sailensa haili mafuta, na betri zitajichaji zenyewe."

Yote mawili hayakuwa kweli. Tuanze na betri. Injini ikiwa sailensa alternata inazunguka polepole, umeme inaotoa ni mdogo, na betri iliyokwisha kufa ndani haifufuki kwa kuungurumiwa. Upande wa mafuta, injini ya ukubwa ule inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Chukua ile nusu. Saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, ni lita 60 kwa wiki nne. Aliendelea hivyo miezi minne, yaani lita 240. Kwa bei ya dizeli ya wakati ule, betri zote mbili zingekuwa zimelipwa na chenji ikabaki.

Lakini hasara kubwa ilikuwa ndani ya injini, tena ilikuja na sura ya baraka. Mwezi wa tatu kaka alinipigia simu anacheka: "Mdogo wangu, hii gari sijui imeombewa na nani. Oili haipungui, inapanda!" Na mimi nikacheka naye.

Wiki chache baadaye likaanza kutoa moshi mzito na kukosa nguvu mlimani. Tulilipeleka kwa fundi pale Uyole. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akasugua kati ya vidole, akaniangalia mimi badala ya kaka. "Bwana Shamba, hii mnayoiita oili ni dizeli."

Alivyotueleza ni hivi. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ikiwa imebeba mzigo inapata joto lake la kazi na mafuta yanaungua vizuri. Ikiwa sailensa kwa masaa, tena kwenye baridi kama ya Isongole, ndani inapoa na dizeli haiungui yote. Nyingine inageuka masizi yanayoganda kwenye nozeli, kwenye valvu na kwenye ringi za pistoni. Nyingine inachuruzika kwenye kuta za silinda, inapita ringi na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana oili "ilipanda". Oili ya namna hiyo inakuwa nyepesi kama maji na haiwezi tena kuzuia chuma kisile chuma. Na ikumbukwe kwamba injini ikizunguka taratibu hata presha ya oili inakuwa ndogo.

Injini ilishushwa. Ringi, beringi na nozeli zikabadilishwa, na pamoja na ufundi ikafika milioni tatu na ushee. Marejesho ya SACCOS yalikwama miezi miwili. Wadhamini wake walikuwa majirani zetu, nadhani mnaelewa mazungumzo ya kijijini yalivyokuwa.

Kitu ambacho mimi nilipaswa kukijua, kwa sababu nafanya kazi na matrekta, ni suala la kuhesabu saa. Trekta tunabadilisha oili kwa saa ilizofanya kazi. Kaka alikuwa anabadilisha kila kilomita 5,000, na kwa dashibodi alikuwa hajafika. Lakini zile saa sita pale shambani kilomita zinasoma sifuri huku injini iko kazini. Watu wa mitambo huhesabu saa moja ya sailensa kuwa sawa na kilomita 40 hadi 50 za safari. Kwa hesabu hiyo oili yake ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Wenzetu wa Mufindi na Makete watauliza, na baridi ya Juni je? Kupasha injini ni lazima, ila dakika mbili tatu zinatosha, taa ya oili ikiwa imezima. Kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana. Injini inapata joto haraka ikitembea kuliko ikisimama. Na kama fundi wako alitoa themostati akasema "huku kwetu haina kazi", irudishe. Bila hiyo injini inakaa baridi muda wote, na tatizo la kaka linakuwa lako hata kama unazima gari.

Mahali pa kutozima haraka papo. Umepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, umepanda Kitonga, umefika Ilula na unataka chai. Gari lenye turbo usilizime papo hapo. Turbo imewaka moto, na ukizima oili inaacha kupita na kuungulia mle ndani. Acha liungurume dakika tatu hadi tano, kisha zima ukanywe chai yako. Na kwenye mteremko usizime kabisa eti kuokoa mafuta, breki zako zinasaidiwa na injini hiyo.

Ndugu zangu wa Mbarali wenye powertiller, nawaelewa. Kuwasha kwa hendeli ni kazi, kwa hiyo mashine inaachwa inadunda jaruba zima mkila. Zimeni. Injini ikiwa bado ya moto hendeli haisumbui kama asubuhi. Wenye bodaboda, injini zenu nyingi zinapozwa na upepo, na pikipiki ikisimama upepo huo haupo. Mashine ya kusaga inayosubiri mteja na yenyewe izimwe, na kwenye kibanda kilichofungwa ule moshi unaua mtu kabla ya injini.

Kaka alinunua betri baada ya injini kurudi, laki tano zilezile. Wiki ya kwanza nilikwenda naye Isongole. Alipofika alizima, akaweka ufunguo mfukoni, akakaa kwenye gunia. Kimya kilipokolea mzee mmoja mwenye viazi akatoka mbio shambani, akidhani gari limeharibika na mzigo wake unalala pale.