Kitufe cha Kusemea

Kusema na kusikia ni ndugu wawili waliozaliwa pamoja, lakini katika redio ya mkononi hawakai chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja akiingia mwenziwe hutoka. Abonyezaye kitufe husema, na wakati ule ule huwa kiziwi. Akiachiaye husikia, na wakati ule ule huwa bubu. Simu ya kawaida haina sharti hili, maana watu wawili waweza kukatana maneno humo kama wagomvi barazani. Redio ya mkononi haina nafasi ya ugomvi huo, kwa sababu njia ya mawimbi ni moja na wapitao ni wengi. Wazee huiita simu ya upepo, ijapokuwa upepo hauna kazi yo yote katika jambo hilo: siku ya shwari mawimbi yake hufika, na siku ya tufani hayapeperushwi.

Segera ni mahali pafaapo kwa mtu atakaye kujifunza habari ya njia moja na wapitao wengi. Barabara tatu hukutana pale: moja yatoka Dar es Salaam kwa kupitia Chalinze, ya pili yaenda Muheza na Tanga, na ya tatu yashika Korogwe, Mombo na Same mpaka Moshi. Barabara kama hizi zinapofanyiwa matengenezo upande mmoja hufungwa, na magari ya kwenda na ya kurudi hupita kwa zamu katika upande uliobaki. Mshika bendera mmoja husimama mwanzo wa kipande kile na mwenziwe husimama mwisho wake. Pakiwa na kona au kilima katikati hawaonani. Kila mmoja ni macho ya mwenziwe, na kiungo chao ni redio.

Mshika bendera wa namna hiyo alikwenda kwa fundi mmoja wa redio, mtu mzima mwenye meza chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Redio imekufa?"

"Haijafa, mzee. Mikono yangu ndiyo haitoshi."

Mkono mmoja ulishika kibao chenye uso mwekundu na uso wa kijani, wa pili ulizuia madereva wenye haraka, na wa tatu, wa kushika redio, Mungu hakumpa. Tena ngurumo ya malori ilimeza sauti ya redio kabla haijafika sikioni. Alitaka kisikizi cha kuvaa kichwani, chenye kipaza sauti mbele ya mdomo na kitufe cha kusemea kifuani. Vya dukani vilikuwapo, lakini bei yake ilikuwa mbali na mfuko wake. Fundi aliuliza kwanza kama redio ile ni ya kazi na masafa yake yana leseni, maana tangu 2003 iko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania yenye kusimamia jambo hilo. Alipojibiwa kuwa ni ya kazi, alikubali.

Sikio alilipata katika visikizi vya simu vilivyotupwa. Kipaza sauti kilitoka katika simu mbovu, nacho ni kidude kidogo kama punje ya hindi. Asili ya vidude hivi ni ya 1962, walipovibuni Gerhard Sessler na James West katika maabara ya Bell huko Marekani. Kabla ya hapo simu zilitegemea chembe za makaa zilizotikiswa na sauti, na ziliendelea kuzitegemea kwa miaka mingi baadaye. Punje hii yataka umeme mdogo kutoka katika redio, tena umeme uingie kwa mlango wake na kutokea kwa mlango wake. Ukigeuza nyaya, sauti haitoki.

Redio aliyoletewa fundi ilikuwa ya aina iliyoenea sana, yenye matundu mawili ya plagi, moja la milimita 3.5 na moja la milimita 2.5. Kila plagi ina ncha, pete na shina. Sikio hushika ncha na shina la plagi ndogo. Kipaza sauti hushika pete na shina la plagi kubwa. Kitufe kazi yake ni moja tu, kuyaunganisha mashina mawili. Yakigusana, redio hujua kuwa mwenyewe ataka kusema. Redio za aina nyingine zina desturi nyingine, na fundi apimaye kwa mita kabla ya kulehemu huokoa redio ya mtu. Nyaya za visikizi nazo zina hila, kwa kuwa huonekana tupu kumbe zimepakwa rangi nyembamba isiyopitisha umeme. Sharti ziunguzwe kidogo ndipo lehemu ishike.

Kisikizi kilipojaribiwa mara ya kwanza kilivuma kama mzinga wa nyuki. Mawimbi ya redio yenyewe yalikuwa yakiingia katika waya wa kipaza sauti na kurudi ndani. Kapasita moja ndogo, iliyolehemiwa baina ya miguu miwili ya kipaza sauti, ilinyamazisha nyuki wale.

Kitufe ndicho kilichokula siku nzima. Cha kwanza kilitoka katika kengele ya mlango. Fundi alikipaka vumbi la barabara, akakibonyeza tena na tena huku akihesabu, na kabla hajafika mia kitufe kilichelewa kurudi. Alikitupa. Mtu asiyejua angesema kuwa kitufe kisichobonyezeka ni kibaya kuliko kisichorudi, na ingekuwa kinyume cha kweli. Kitufe kilichokufa humnyamazisha mtu mmoja, naye hutambua upesi. Kitufe kilichokwama hushika njia yote: mwenyewe hasikii, mwenziwe hapati nafasi ya kusema, na wote wawili hudhani kimya kile ni amani. Redio nyingi zina saa ya ndani ya kukata maneno yaliyozidi muda, lakini dakika moja yatosha lori la saruji kuingia katika njia ambayo basi limo. Cha pili kilikuwa na springi ngumu, na fundi alikivika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili vumbi lisiingie.

Likabaki jambo moja ambalo lehemu haiwezi kulitengeneza. Kitufe kinapobonyezwa, redio ya kwanza huchukua kitambo kidogo kuanza kurusha na ya pili huchukua kitambo kufungua sikio lake. Asemaye kwa pupa hupoteza silabi za mwanzo. Kiswahili huweka ukanusho wake kichwani mwa neno, pale pale panapokatwa. Mtu akisema "usiwaachie", mwenziwe aweza kusikia "waachie". Akisema "siwezi", hufika "wezi", nalo ni neno la kukimbiza watu. Hapana shaka waliobuni redio hawakuifikiria sarufi ya Kibantu.

"Bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme," fundi alimwambia. "Tena mwite mwenzio kwanza, mara mbili, ili jina lake ndilo lipotee."

Shauri la pili lilikuwa bora zaidi. Waliache "usiwaachie" kabisa, watumie "simamisha" kwa kuzuia na "achia" kwa kuruhusu. Neno likikatwa kichwa na life, lisigeuke neno jingine. "Mamisha" si amri ya mtu ye yote, asikiaye atauliza.

Siku ya tatu mshika bendera alirudi na redio ya mwenziwe. Fundi akauliza habari za kitufe. Hakikukwama, lakini waya wa sikio ulikatika mara moja karibu na plagi, na kijana aliuunga mwenyewe, akauzungusha mpira na kuupinda kitanzi ili usivutike. Fundi akakigeuza kitanzi kile mkononi, akaona kuwa ni kizuri kuliko chake, akafanya vivyo hivyo katika kisikizi cha pili.