Mvinyo wa Rafuni, Ulanzi wa Kilolo

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha jaribio lililofanywa katika duka kubwa la Uingereza. Mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani uliwekwa pamoja rafuni, bei zikalinganishwa, kisha ukapigwa muziki wa nchi hizo kwa zamu. Siku za muziki wa Kifaransa zikanunuliwa chupa 40 za Ufaransa na 8 tu za Ujerumani. Siku za Kijerumani, Ujerumani ikapata 22 na Ufaransa 12. Wateja walipoulizwa, wengi walikana kabisa kwamba muziki uliwashawishi.

Katika duka kama hilo mtu hulipa kabla hajaonja, kwa hiyo lebo, medali na punguzo la wiki ndivyo vinavyoonja kwa niaba yake. Yellow Tail, mvinyo wa Australia, ilipoingia Marekani mwaka 2001, picha ya mnyama wa jamii ya kangaruu na bei nafuu viliiuza kwa kasi ya ajabu.

Muuza ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, wilayani Kilolo mkoani Iringa hana lebo ya kujificha nyuma yake. Wakati wa masika mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi, akarudia jioni, na chini yake anatega mbeta, kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu. Ukiwa mpya ni mtogwa, mtamu, hata asiye mnywaji anaumudu. Ukilala unageuka mkangafu, na huo ndio wazee wanaoufuata kilabuni. Ndiyo maana mteja wa Ilula, wilayani humo, anaanza kwa kuuliza umegemwa lini, anaonjeshwa, ndipo anapotoa hela. Sifa hazina nafasi kubwa hapo. Mgema akisifiwa, yanayofuata tunayajua.

Tatizo ni safari. Dumu la lita 20 ukilikaza kifuniko linavimba, maana ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu tu umepakiwa kwenye gari. Dompo, mvinyo wa Dodoma, inasubiri rafuni bila shida, na baa za barabara kuu zinapenda kinywaji kinachosubiri. Wapo wanaotaka ulanzi nao utiwe chupani. Sipingi, ila itabidi kuchacha kusimamishwe ili utulie, na mnywaji wa mkangafu anachokitafuta ni huko kuchacha kwenyewe. Huyo hana uaminifu kwa chapa yoyote: mvua zikikatika na mianzi ikikauka, anahamia kwenye komoni, pombe ya nafaka, mpaka masika mengine.