Matangi Yaliyobaki Holbrook

Barabara namba 66 ilianzishwa mwaka 1926 kuunganisha Chicago na California, na kwa miaka mingi kila msafiri aliyevuka kaskazini mwa Arizona alilazimika kupita katikati ya miji yake midogo. Magari ya zama hizo yalikunywa mafuta kupita kiasi na kuchemka njiani, kwa hiyo sheli zilijipanga kila mji. Kisha ikajengwa I-40, barabara kuu ipitayo pembeni. Winslow ikaachwa kando, Holbrook ikaachwa kando, na tarehe 13 Oktoba 1984 ikafika zamu ya Williams, mji wa mwisho katika njia nzima. Wateja wakahama na barabara. Wenye sheli wakafunga milango, wengine wakaondoka kabisa. Matangi yakabaki ardhini.

Hayo niliyasoma Flagstaff, nilikokuja kutoka Tanga kusomea jiolojia. Safari yangu ya kwanza ya kazi ndiyo iliyonipeleka kuyaona. Kampuni ndogo ya ushauri wa mazingira ilinichukua msaidizi, twende Holbrook, kilomita 145 hivi upande wa mashariki, tukakague kiwanja cha sheli iliyofungwa zamani. Watu wa pale walitaka kujenga kliniki.

Tulitoka alfajiri. Nyuma yetu vilele vya San Francisco, milima mitakatifu kwa Wanavajo na Wahopi, vilikuwa bado na theluji. Misunobari ikapungua, ikawa vichaka, mwishowe hapakuwa na mti wowote, ila nchi tambarare yenye wekundu na treni ndefu za mizigo. Twin Arrows, Two Guns: kuta zilizochorwa rangi, mapaa yaliyoporomoka, vituo ambavyo mtu aliwahi kuvitegemea kwa riziki yake. Kiongozi wetu, mama mjiolojia aliyeifanya kazi hii tangu ujana wake, hakuwa akitazama majengo. Alikuwa akitazama chini.

Matangi ya wakati ule yalikuwa chuma kitupu, bila kinga yoyote ya kutu. Sheria ya shirikisho iliyoyahusu ilipitishwa mwaka 1984, kanuni zake zikatoka 1988, na wenye sheli wakapewa hadi tarehe 22 Desemba 1998 wayaboreshe, wayabadilishe au wayafunge ipasavyo. Uvujaji uliothibitishwa nchini Marekani umepita matukio nusu milioni. Na petroli yenyewe ilitiwa risasi. Kwa magari ya barabarani Marekani iliipiga marufuku kabisa Januari 1996, nasi Afrika kusini mwa Sahara tukaachana nayo mwishoni mwa mwaka 2005. Ndiyo maana umri wa sheli ni swali la kwanza: unakwambia utafute nini.

Nilidhani tungefika na kuanza kuchimba. La. Hatua ya kwanza ya tathmini haigusi udongo hata kidogo. Ni kusoma, kutembea na kuuliza. Mama alikuwa na picha zilizopigwa kutoka angani miaka tofauti, vitabu vya zamani vya anwani, na ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto na kuonyesha hata tangi la petroli lilipofukiwa. Karatasi zote zilisema matangi mawili, mbele, chini ya pampu. Tukazunguka kiwanja taratibu. Akanionyesha kiraka cha lami kisicho na rangi sawa na lami jirani, bomba jembamba la kupumulia tangi lililopanda ukutani, mfereji katika sakafu ya gereji usiojulikana unamwaga wapi, na shimo la jeki ya kuinulia magari.

Tukiwa hapo akavuka barabara mzee mmoja, amevutwa na vizibao vyetu vya njano. Alifanya kazi hapo akiwa kijana, akifuta vioo vya magari na kumwaga oili. Mama akaacha kila kitu akamsikiliza. Mzee akatupeleka nyuma ya gereji, akasimama mahali palipoota magugu, akasema hapa palikuwa na tangi la tatu, dogo, la oili chafu. Halikuwa kwenye ramani yoyote. Naamini kwa dhati kwamba dakika zile zilikuwa na thamani kuliko mtambo wowote tuliokuja nao, na kwamba wazee wa aina hii wanaondoka kila mwaka bila mtu kuwauliza.

Tuliporudi kwa hatua ya pili, ardhi ilikuwa imepigwa alama za rangi: njano kwa gesi, bluu kwa maji, nyekundu kwa umeme, ili mtambo usitoboe kitu. Bomba la chuma likasukumwa chini, likapandisha udongo ndani ya mrija wa plastiki, nasi tukaupasua kwa urefu kama muhogo. Juu mchanga ulikuwa mwekundu. Chini zaidi ukageuka kijivu cha kijani, na harufu ikatangulia kipimo chetu cha mvuke. Udongo tuliouchagua ukaingia kwenye vichupa, vichupa kwenye boksi la barafu, na kila mkono uliolipokea boksi ukatia saini, hadi maabara.

Kinachoogopwa zaidi ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Kikomo chake katika maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka 10. Piga hesabu: lita moja ya petroli yenye benzini asilimia moja hubeba takriban gramu 7.5, zinazotosha kufikisha kikomo cha Marekani katika lita milioni moja na nusu za maji. Holbrook iko kando ya mto Little Colorado, juu ya mchanga wa mto. Mchanga hauzuii.

Wala mchanga wa Dar es Salaam hauzuii. Huko familia nyingi hunywa maji ya visima, na sheli zimo katikati ya nyumba. Barabara zinapopanuliwa sheli hubomolewa, kiwanja kikauzwa, ghorofa likapanda. Nataka kila mnunuzi aulize matangi yalikuwa mangapi na yako wapi sasa, na apewe jibu lililoandikwa.

Majibu ya maabara yalipokuja, udongo wa mbele ulikuwa mchafu kama tulivyotarajia, na ule wa nyuma ya gereji, pale aliposimama mzee, haukuwa nafuu. Sheria ya mwaka 2002 kuhusu viwanja vya namna hii ilifungua ruzuku za kuvisafisha, hata vya mafuta, kwa hiyo kuna mahali pa kuombea fedha. Mchoro wa kliniki umebadilishwa. Matangi yote matatu yatafukuliwa kwanza pamoja na udongo wake, visima vya uchunguzi vitachimbwa kuelekea mtoni, maegesho yatakaa zilipokuwa pampu, na jengo litasogezwa upande wa pili, na chini ya sakafu yake utatandikwa utando wa kuzuia mvuke.