Nilimnyima Yasmin nafasi yake

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tano na cha sita kwamba mhusika mkuu wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ni Denge. Niliwaambia bila kusitasita. Nikaandika ubaoni, nikachapa kwenye noti, na noti zikafika steshenari ya karibu na stendi, zikatolewa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zikafifia. Leo wapo watu wazima, wengine nao ni walimu, wanaoyarudia maneno yale. Nilikosea, na kosa hilo sina wa kumsukumia.

Wala sikukosea kwa uvivu. Uvivu ungekuwa na nafuu, maana ningeogopa kusema kwa sauti kubwa. Nilikosea kwa sababu nilimsoma mwandishi kabla ya kusoma riwaya. Nilijua kuwa Adam Shafi alizaliwa Unguja mwaka 1940, kwamba ujanani alikwenda kusoma Ujerumani Mashariki, akasomea uandishi wa habari Prague, na kwamba alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya Abeid Karume kuuawa Aprili 1972. Nilijua Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, na Kuli ya 1979 inayotupeleka kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Kwa hiyo Vuta N'kuvute iliyotoka 1999 niliifungua nikiwa tayari na jibu mfukoni. Humo nikamkuta kijana aliyerudi kutoka Urusi na shahada, anaupinga ukoloni, anawindwa usiku na mchana na Inspekta Wright na Koplo Matata. Nikasema huyu ndiye. Mwandishi ni mtu wa mrengo wa kushoto, Denge ni mtu wa mrengo wa kushoto, basi Denge ndiye roho ya kitabu.

Yaliyofuata yakajipanga yenyewe. Kwenye noti zangu dhamira ya kwanza ikawa ukombozi wa kisiasa, ya pili matabaka, ya tatu usaliti. Ndoa ya kulazimishwa niliiweka huko chini, mahali ambapo mwanafunzi akiishiwa muda anaiacha. Yasmin nikampa mistari minne: binti wa Kihindi, mzuri wa sura, hana msimamo, ni mhusika msaidizi. Mwajuma nikamtendea vibaya zaidi. Mwanamke aliyemfungulia Yasmin mlango wakati jamaa zake wa damu wamemfungia, mimi nilimwandika hivi: mlevi, mhuni, hafai kuigwa na jamii. Naona haya kuyarudia maneno hayo. Lakini hii ni toba, siyo wasifu wangu wa kuombea kazi.

Kuna binti mmoja wa kidato cha sita aliyenipinga. Katika insha yake aliandika kuwa mhusika mkuu ni Yasmin, akajenga hoja zake kwa mifano ya kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Nikamkata alama, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Soma noti." Alinifuata ofisini, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani, ila ukimwondoa Denge, Yasmin bado ana kisa. Ukimwondoa Yasmin, Denge anabaki na makaratasi yake ya siasa tu." Nilimjibu kuwa mtihani wa taifa hauna nafasi ya ubishi. Kwa kweli sikuwa na jibu, na cheo changu ndicho kilichonisitiri.

Niliirudia riwaya baada ya kutazama filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo, ile ya 2021. Safari hii niliziweka noti kabatini. Kitabu kinaanza na uso wa Yasmin. Kabla hatujasikia siasa yoyote, tunamwona msichana mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa baba yake. Anatoroka. Kwao hawamtaki. Anavuka kutoka maisha ya duka na heshima za ukoo, anaingia mtaa wa Ng'ambo kwa Mwajuma, kwenye taarabu na shida. Katika Unguja ya wakoloni, ambako serikali ilimhesabu kila mtu kwa kabila na rangi yake, msichana wa Kihindi kulala chini ya paa la Mwafrika wa Ng'ambo lilikuwa jambo zito kuliko karatasi nyingi za uchochezi. Denge anapinga utawala kwa mafunzo aliyoyapata ng'ambo ya bahari. Yasmin anaupinga kwa miguu yake, bila kusomeshwa na mtu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba hana msimamo!

Denge si mhusika mdogo. Pasipo yeye riwaya ingepoteza nusu ya moto wake. Kosa langu ni kuligeuza swali la nani anaibeba hadithi likawa swali la nani anafanana na mwandishi.

Hata hilo la athari kwa mwandishi nililisoma kijuujuu. Niliandika sentensi moja, "Mwandishi ameathiriwa na itikadi ya ujamaa," nikapiga nukta kubwa. Nilitazama Urusi na Ujerumani, rafu ya Unguja sikuigusa. Kumbe palikuwa na Bahati katika Kiu ya Mohamed Suleiman, ya 1972, na Rehema katika Nyota ya Rehema ya mwandishi huyohuyo, 1976. Palikuwa na Maimuna katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, binti anayeikimbia nyumba ya baba. Sisemi Adam Shafi aliwaiga. Ushahidi wa hilo sina, na nimekwisha kuungua kwa kusema nisichokuwa na ushahidi nacho. Nasema riwaya ya Zanzibar ilikuwa na desturi ya kuipima jamii kwa yale yanayompata mwanamke mmoja, na Yasmin anakaa vizuri kabisa katika safu hiyo. Hata katika Kasri, anayetushika moyo ni Kijakazi, mtumishi, siyo Fuad mwenye kasri. Wasifu nilioujua ulinionyesha siasa za mwandishi. Vitabu vyake mwenyewe vingenionyesha alikotua macho, lau ningevisoma kwa utulivu.

Yule binti sijui yuko wapi. Alama zake siwezi kuzirudisha. Ninachoweza ni kumwomba yeyote aliye na madesa yale yenye kichwa cha uchambuzi wa Vuta N'kuvute, yanayomtaja Denge kuwa mhusika mkuu bila hoja hata moja, asiyatoe fotokopi tena. Na wewe mwalimu mwenzangu unayesahihisha, ukikutana na mwanafunzi aliyemtetea Yasmin, au Mwajuma, na ameonyesha kitabuni alikoyatoa, mpe alama zake kamili.