Namba za simu za majirani si chambo

Mliozoea kusoma hapa mambo ya PHP na MySQL mnivumilie, leo naongea mambo ya kanisa. Hifadhidata imo ndani pia, kwa hiyo msikimbie.

Nasali katika kanisa moja la mabati hapa Dandora, Phase 4. Mwaka 2020 korona ilipofunga makanisa na vibarua vikakatika, washirika tulichanga, tukanunua unga na maharagwe, tukagawia majirani. Hatukuuliza mtu anasali wapi. Niliandika programu ndogo ili nyumba moja isihesabiwe mara mbili: jina, namba ya simu, idadi ya watu nyumbani, tarehe ya kupokea. Basi.

Makanisa yalipofunguliwa, kamati ya uinjilisti ikaniita. Walikuwa wanapanga mkutano wa injili wa siku tatu, na ombi lao lilikuwa fupi: toa zile namba zote, tuwatumie watu ujumbe wa kuwaalika. Kwa fundi hiyo ni kazi ya dakika mbili. Nikasema sitoi, tuongee kwanza.

Jamani, hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana wangu, tumewapa chakula cha mwili, sasa tuwanyime cha roho?" Hata mimi naamini kwamba kanisa lisilomwambia jirani habari za Yesu limegeuka chama cha kuzikana. Shida yangu ilikuwa kwingine. Siku ya kuandikisha, mama mmoja anayeokota plastiki jalalani alishika simu yake akaniuliza, "Hii namba mnaipeleka wapi?" Nikamjibu, "Ni ya unga tu, mama." Hilo neno "tu" sikulisema kwa niaba yangu peke yangu. Nililisema kwa niaba ya kusanyiko zima.

Sasa tazama mahali tunapoishi. Dandora ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 ambavyo watu walipewa wajenge wenyewe. Leo ploti moja ina wapangaji wengi, Mkristo na Mwislamu wanachota maji bomba moja. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya mtu aliyepokea unga, ploti nzima itajua kabla ya jioni, na kila mtu atausoma vilevile: kumbe ule unga ulikuwa chambo.

Kwangu mimi uwakili ndio huu. Tukihubiri uwakili huwa tunaishia kwenye fungu la kumi na kapu la sadaka. Lakini wakili ni mtu aliyeshika mali isiyo yake, na namba ya simu ya jirani ni mali isiyo yetu.

Niliwaomba wafungue Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na malalamiko: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie kwa kuwa injili ni muhimu zaidi. Waliwaita waamini wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, na majina yote saba ni ya Kigiriki! Ukifika mstari wa 7, neno la Mungu linaenea na wanafunzi wanaongezeka sana. Mgao ulinyooshwa, kisha injili ikasonga mbele.

Na sheria ya nchi ipo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na imani ya mtu inahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Lakini sikutaka kanisa liogope faini. Nilitaka liogope kuvunja ahadi.

Tena mfano mzuri uko ng'ambo tu ya mto, Korogocho. Mwaka 2007 UNEP ilitoa ripoti kuhusu jalala la Dandora, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na kanisa Katoliki la St. John. Walipimwa watoto 328 wa kuanzia miaka 2 hadi 18, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule. Fikiria mzazi anakubali mwanawe atolewe damu kwa sababu kanisa lililo jirani yake limo katika kazi hiyo. Jalala bado lipo na linaendelea kupokea takataka, hilo tunalivuta puani kila siku. Lakini taarifa iliyotoka kwa watoto ilitumika kuwatetea watoto. Huo pia ni ushuhuda, hata kama hakuna aliyeshika kipaza sauti.

Mwishowe tulikubaliana mambo matatu:

1. Hakuna ujumbe. Orodha ya unga ilifutwa, nakala zake pia.
2. Hesabu ya mchango, kilichoingia na kilichonunuliwa, ilibandikwa mlangoni, bila jina la mtoaji wala la mpokeaji.
3. Kualika kulifanywa kwa miguu. Washirika walienda wawili wawili, kila mmoja kwenye ploti anayojulikana, na aliyesema "hapana asante" akaachwa kwa amani.

Waliokuja walikuja, wengine hawakuja. Yule mzee bado anaona tulipoteza nafasi, na tunasalimiana vizuri.

Mafundi wenzangu mnaosaidia makanisa na misikiti: kabla ya kuongeza safu yoyote kwenye jedwali, andikeni kando yake ni ya kazi gani na itafutwa lini. Na siku mkiombwa kuitoa, someni kwanza mlichoandika.