Ful opsyoni

Hapa Lubumbashi, mtu anayetafuta mnunuzi wa gari lake huanza na maneno mawili: ful opsyoni. Huyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha nyuma, chini yake namba ya simu. Ukimuuliza gari lina nini, atarudia yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Na wengi wetu tunaridhika, kana kwamba tumejibiwa.

Sisi tunaoshinda darasani tukichambua maneno, tuyachambue na hayo. Kwa Kifaransa, option ni kitu unachoweza kukichukua au kukiacha. Ndiyo maana hapa kitivoni tunayaita hivyo masomo ya kuchagua. Basi gari la ful opsyoni ni gari lililojaa vitu ambavyo mtu angeweza kuviacha. Maneno hayo hayatuambii lolote kuhusu vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha. Tofauti hiyo niliiona ndogo mpaka siku nyumbani kwetu ilipohitajika kununua gari.

Mama hufuata bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita zipatazo 90 kutoka hapa, kisha huziuza katika soko la Kenya. (Msomaji wa Nairobi asishtuke: Kenya ni jina la komini moja ya mji wetu.) Kwa miaka mingi amelipia kiti katika magari ya watu na kulipia tena kila gunia. Pesa za gari alizikusanya kidogo kidogo, na sehemu kubwa ilitoka kwenye likelemba, zamu yake ilipofika. Hazikuwa pesa za kujaribia bahati. Papa amestaafu kazi ya reli. Yaya wangu ndiye angekuwa dereva wa pili. Mimi nilipewa kazi ya kusoma matangazo, kwa sababu, kama alivyosema Papa, mtoto anayesomea lugha asome basi.

Matangazo mengi yalikuwa ya magari yaliyotumika Japani, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupita Tunduma, Nakonde na Zambia yote hadi kwetu. Orodha zake ni herufi tupu: AC, PS, PW, ABS, SRS. Klima, usukani mwepesi, vioo vya umeme, breki zisizofunga magurudumu, mifuko ya hewa. Karatasi ya mnada inayofuatana na gari imeandikwa Kijapani, na alama yake ndiyo yenye maana: ikiwa R au RA, gari hilo liligongwa na kutengenezwa. Herufi hiyo moja ina uzito kuliko orodha nzima, lakini hakuna anayeibandika kwenye kioo.

Nilijifunza pia kwamba kifaa kinaweza kuwa kizima na bado kisifae kitu. Redio nyingi za Japani hupokea FM kuanzia 76 hadi 90, ilhali stesheni za huku ziko kati ya 87.5 na 108, hivyo sehemu kubwa ya stesheni zetu haisikiki mpaka fundi aongeze kigeuza mawimbi. Skrini ya ramani inaijua Tokyo na haijui barabara ya Likasi. Baadhi ya magari hayo yana kifaa cha kulipia barabara za Japani, na kila ukiwasha injini sauti ya mwanamke hukuarifu kwa adabu, kwa Kijapani, kwamba kadi haijaingizwa. Jirani yetu amesalimiwa hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili.

Hata sisi na mawakala wa Dar es Salaam hatukuelewana mara moja. Yaya alipiga simu akasema, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwamba tunataka kuuza gari. Huku kwetu kuuza ni kutoa pesa na kupokea kitu. Anayetoa kitu na kupokea pesa, huyo anauzisha. Yule wakala akauliza kwa furaha, "Mnauza gari gani, kaka?" Yaya akajibu, "Ndiyo nakuuliza wewe." Walizunguka hivyo mpaka salio la simu likaisha. Tulicheka, lakini mimi nilibaki na wazo: ikiwa neno moja linageuka maana likivuka mpaka, mbona kifaa cha gari kisigeuke?

Papa ndiye aliyeuliza swali lililofaa. Nilikuwa nimemsomea tangazo moja lote, lenye dirisha la juu ya paa, rimu za aluminiamu na kamera ya nyuma. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Volani iko upande gani?"

Haikuandikwa. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na volani iko kulia. Tanzania na Zambia vilevile. Sisi tunaendesha kulia. Upande wa usukani hauhesabiwi kuwa nyongeza, kwa hiyo hauingii kwenye orodha, na orodha ikiwa ndefu na tamu, jicho halitafuti kisichokuwemo.

Hebu tufikirie njia ya Kasumbalesa. Ni njia ya malori yanayobeba shaba kwenda bandarini, moja nyuma ya jingine. Dereva mwenye volani kulia, akiwa kwetu, amekaa upande wa mfereji. Akitaka kulipita lori, hawezi kuona mbele mpaka gari lake limetoka karibu lote katika njia ya wanaokuja. Anategemea macho ya abiria wa kushoto amwambie "pita" au "ngoja". Na kama abiria amelala? Usiku kuna jambo lingine: taa za gari la Japani zimepangwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto, na kwetu kushoto ndiko wanakotokea wenzako, kwa hiyo unawapofusha. Tena Hiace nyingi za kule zina mlango mmoja wa kusukuma, upande wa kushoto. Japani abiria hushukia pembeni, penye usalama. Hapa anashukia katikati ya barabara.

Hayo Mama hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke aliyepanga meza kando ya meza yake sokoni hakurudi kutoka Kasumbalesa, siku gari walilopanda lilipojitokeza kupita lori. Meza ile ilikaa wiki kadhaa bila mtu kuigusa. Mama hakulitaja jambo hilo tulipokuwa tukizungumzia bei, wala hakuna aliyemkumbusha. Lakini ndilo lililokuwa limeketi nasi sebuleni.

Yaya alikuwa na hoja, na nataka kuitendea haki. Alisema: gari la volani kulia ni nafuu, na kwa pesa zile zile tungepata jipya zaidi kwa miaka mingi. Vipuri vyake vimejaa. Nusu ya mji unayaendesha na watu wanafika. Na wapo mafundi wanaohamisha volani kwenda kushoto. Papa akamjibu juu ya hilo la mwisho kwamba kazi hiyo ni kukata na kuunga vyuma ambavyo kiwandani havikukusudiwa kuungwa, na mara nyingi mfuko wa hewa wa dereva unapotea. Juu ya mengine alinyamaza, kwa sababu yalikuwa kweli.

Tukachukua karatasi tatu. Ya kwanza tuliandika juu yake: vya kutuokoa. Ya pili: vya kutusaidia kazi. Ya tatu: vya kutupendeza. Mama akaongeza swali lake, lililokuwa kali kuliko karatasi zote. Kwa kila kitu nilichosoma aliuliza: "Hii kitu itanisaidia siku gani?" Alitaka siku yenyewe: siku ya mvua, siku ya mzigo, siku ya kumpeleka bibi hospitali usiku. Kitu kisicho na siku kilikwenda karatasi ya tatu bila mjadala.

Dirisha la paa halikupata siku. Rimu kubwa zenye tairi nyembamba zilipata siku, lakini siku mbaya: siku ya shimo, maana tairi nyembamba haina nyama ya kupokea kishindo, na rimu ndiyo inayopinda. ABS ilipata siku yake upesi: mvua, lami yenye utelezi, mtoto anakatiza mbele; magurudumu hayafungi, na dereva bado anaweza kugeuza gari huku akikanyaga breki. Mikanda ya nyuma, yenye kushika bega na kiuno, ilipata siku zote, kwa kuwa Mama hasafiri bila mama wenzake.

Klima ndiyo iliyotusumbua. Mimi niliiweka karatasi ya tatu, kitu cha wakubwa. Mama akaitoa. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, ni vumbi jekundu linaloingia puani na kwenye unga. Bila klima unafungua vioo, na vumbi linapanda nawe. Siku ya mvua kubwa kioo cha mbele kinashika ukungu kwa pumzi za watu watano, na klima ndiyo inayokausha ukungu huo haraka. Kwa hiyo klima ilihamia karatasi ya pili, na mguu wake mmoja ukagusa ya kwanza. Hapo nikaelewa kwamba hakuna kitu kilichozaliwa anasa au lazima. Kinategemea barabara, msimu, na nani amekaa ndani.

Kisha tukauliza swali la pili: kipi kinaweza kuongezwa baadaye? Redio, kamera, vitambaa vya viti, hata rimu, vyote vinapatikana na vinafungwa garajini kwa siku moja. ABS na mifuko ya hewa huongezi. Upande wa volani huuhamishi kwa usalama. Pesa za mwanzo, tukakubaliana, zilipie kile ambacho pesa za baadaye haziwezi kukileta.

Mwishowe tulichukua gari la volani kushoto, lililotoka Ubelgiji, lenye vitesi vya mkono. Ni kuukuu kuliko lile Yaya alilolitaka, na rangi yake haimpendezi mtu. Kabla ya kulipa, fundi alilala chini yake na tochi, kwa kuwa kule Ulaya barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu, na chumvi inakula chuma kutoka chini, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Lina ABS, mifuko miwili ya hewa, mikanda kamili nyuma, klima inayofanya kazi. Halina kamera wala skrini. Lina kitu kimoja ambacho hatukukiomba: viti vya mbele vinavyopata moto. Tulivicheka sana mwezi wa kumi, joto lilipokuwa kali. Mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Katanga ikiuma mifupa, Mama aliondoka kwenda mpakani amekaa juu ya moto huo, wala hakucheka tena.

Yaya hakufurahi kwa muda. Alipopata pesa zake alifunga redio yenye skrini, na sasa anajisifu nayo kuliko sisi sote. Sioni ubaya. Cha kupendeza nacho kina haki yake, ila kingoje zamu kama watu wanavyongoja kwenye likelemba.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari na hutalinunua leo. Wengi wetu tunakuja masomoni kwa miguu. Lakini siku moja ndugu watakuita kwa sababu unajua kusoma, nao watakunyoshea karatasi yenye orodha. Usisome kilichoandikwa tu. Uliza kila kitu kina siku gani. Uliza kipi hakiwezi kuongezwa baadaye. Halafu uliza kitu gani hakikuandikwa kabisa. Mwenye kuuzisha atakwambia ful opsyoni. Hiyo ni haki yake, anatafuta chakula. Wewe mwambie afungue mlango, uone volani iko upande gani.